Wawili Njiani, Kalamu Mkononi mwa Nani?

Mtu na mwenzi wake wakiamua kuizunguka Ulaya kwa wiki au miezi, swali la kwanza wanaloulizwa ni la fedha: nauli, malazi, chakula. Ni swali la haki. Hata hivyo, maandishi yaliyoachwa na wasafiri wa aina hiyo yanazua swali zito zaidi: nani huchagua njia, na nani hubaki na haki ya kuisimulia? Nitalipima kwa safari tatu, moja ya Waingereza, moja ya mwandishi wa Argentina na mkewe, na moja iliyoanzia kwetu Unguja.

Tarehe 28 Julai 1814 Mary Godwin, msichana wa miaka 16, alitoroka London na mshairi Percy Shelley, kijana wa miaka 21. Walifuatana na Claire Clairmont, dada wa kambo wa Mary. Walipofika Paris walinunua punda, wakiwa na nia ya kwenda Uswisi kwa miguu. Punda akawa dhaifu, hawezi mzigo. Wakatafuta nyumbu badala yake. Hawajafika mbali, Percy akateguka kifundo cha mguu, na huko Troyes ikawabidi wanunue gari la kukokotwa. Walipita katika vijiji vilivyoteketezwa kwenye vita vya Napoleon, ambako hata mkate na maziwa vilipatikana kwa taabu. Brunnen, kando ya ziwa Lucerne, walipanga vyumba kwa miezi 6, lakini baada ya siku chache tu wakaona akiba inakatika. Wakageuza, wakateremka mto Rhine kwa mashua kwa sababu njia ya maji ilikuwa nafuu.

Shajara ya safari hiyo waliianza pamoja, na mwaka 1817 ikazaa kitabu kilichotolewa bila jina la mwandishi. Humo tunaona wapenzi wenye moyo mmoja. Hatuambiwi kwamba Percy alikuwa amemwacha nyumbani mkewe Harriet, mjamzito, wala kwamba kutoka Troyes alimwandikia barua ya kumwalika aje kuungana nao Uswisi. Uzuri wa kitabu hicho ni wa kweli, ila umejengwa juu ya ukimya wa mwanamke wa tatu. Ninakipenda, lakini siwezi kukisoma bila kumkumbuka Harriet.

Zaidi ya karne moja na nusu baadaye, Julio Cortázar wa Argentina na mkewe Carol Dunlop, mwandishi na mpiga picha, walifanya kinyume. Hawakukimbilia mbali. Mwaka 1982 walichukua kombi yao nyekundu ya Volkswagen, waliyoiita Fafner, wakashika barabara kuu ya kutoka Paris kwenda Marseille. Dereva wa kawaida huimaliza kwa siku moja. Wao waliimaliza kwa siku 33. Walijiwekea masharti: wasitoke katika barabara hiyo hata mara moja, na kila siku wasimame katika vituo viwili vya mapumziko, cha pili wakilale. Basi pale ambapo wengine hushuka kwenda msalani na kuondoka mbio, wao walitandaza viti vya kukunja chini ya mti, wakaweka mashine ya chapa na kuandika. Marafiki waliwaletea chakula.

Carol alifariki Novemba mwaka huohuo, kitabu hakijakamilika. Julio alikimaliza peke yake, kikatoka mwaka 1983, na majina ya wote wawili yakawekwa kwenye jalada. Miezi michache baadaye, Februari 1984, naye akafariki. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo cha juu: aliyebaki hai alikuwa na nafasi ya kujitwalia safari nzima, akaikataa.

Sasa turudi pwani yetu. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa Aden mwaka uliofuata na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, wakaenda kuishi Hamburg. Shelley na Mary waliweza kurudi nyumbani fedha zilipokwisha. Salme hakuwa na nyumba ya kurudi. Mji, lugha na biashara, vyote alivijua mumewe. Mwaka 1870 Heinrich alifariki kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Ndipo Salme akalazimika kuijua Ujerumani mwenyewe, akihama mji hadi mji. Kumbukumbu zake, zilizotoka mwaka 1886, zinahusu zaidi maisha ya Unguja. Habari za miaka yake ya ugenini amezieleza kwa upana katika barua kwa rafiki wa nyumbani, ambazo hazikuchapishwa hadi alipokwisha kufariki.

Fasihi yetu ya Kiswahili nayo ina habari za safari za Ulaya tangu zamani. Salim bin Abakari alikwenda Urusi na Siberia mwaka 1896 na kuisimulia safari hiyo kwa jicho kali. Lakini alikwenda akiandamana na bwana wa Kizungu, si na mwenzi wa maisha. Sauti ya mume na mke wakiitazama Ulaya pamoja, kwa Kiswahili, bado ni pengo.

Pengo hilo lina sababu zake. Leo mgeni wa matembezi katika nchi za Schengen haruhusiwi kuzidisha siku 90 ndani ya kila siku 180, na mume na mke huomba viza kila mmoja kwa faili lake. Ndiyo maana wanaobahatika kwenda wana deni kwetu. Wagawane mapema kazi ya kutunza fedha na kuchagua njia, wasiogope kukaa mahali pamoja wiki nzima, na kila mmoja awe na daftari lake. Wakirudi, watuandikie wote wawili, hata pale wasipokubaliana.