Mikunde katika udongo wa chumvi na magadi

Ustahimilivu wa chumvi kwa mikunde ni uwezo wa maharage, kunde, choroko, mbaazi na jamii zake kuota, kufunga vinundu na kuzaa katika udongo uliozidiwa na chumvi. Jina hilo moja limebeba maradhi mawili. Udongo wa chumvi umejaa chumvi zinazoyeyuka, na kwa kawaida kipimo chake cha upitishaji umeme hupita desisimensi 4 kwa mita. Mzizi huwa na maji kando yake ukashindwa kuyavuta. Udongo wa magadi umeshikwa na sodiamu: pH hupita 8.5, ukilowa huwa tope lisilopitisha maji, ukikauka hufanya ukoko ambao chipukizi la harage haliwezi kuupasua. Miamba ya volkano ya Mlima Meru, kaskazini mwa Tanzania, ina sodiamu nyingi, na maziwa ya Momela yaliyo karibu nao ni ya magadi. Huko juu mvua huusuuza udongo. Kwenye tambarare kavu za chini maji hupanda kama mvuke na kuyaacha magadi. Kwa hiyo kuisaidia mikunde huko kunaanzia kwenye udongo na maji, kisha ndiyo mbegu.

Anayetetea mbegu ana hoja. Vipimo vilivyokusanywa na watafiti Maas na Hoffman nchini Marekani mwaka 1977 vinaonyesha kwamba mavuno ya maharage huanza kushuka chumvi ikipita desisimensi 1, na kila desisimensi inayoongezeka hupunguza takriban asilimia 19. Kwa vipimo vya baadaye, kunde huvumilia hadi 4.9. Shamba lenye desisimensi 3 litapunguza maharage kwa asilimia 38 hivi, na kunde zisiguswe. Kubadili zao, basi, ni dawa rahisi penye chumvi ya wastani, ingawa maharage ndiyo yenye soko. Lakini namba hizo zinapima chumvi. Hazisemi lolote juu ya udongo wa magadi ulioziba, ambamo mzizi hukosa hewa hata mbegu ikiwa bora namna gani.

Kuna kiungo kingine kinachovunjika mapema. Bakteria wa rizobia, wanaoipatia mikunde naitrojeni, mara nyingi huvumilia chumvi kuliko mmea wenyewe. Kinachoshindikana ni ndoa yao, pale kinywele cha mzizi kinapotakiwa kujikunja na kuwapokea. Ng'oa mche ukiwa unachanua, upasue kinundu kwa ukucha: kikiwa chekundu ndani kinafanya kazi, kikiwa cheupe au kijani hakina faida. Ndiyo maana kupaka mbegu rizobia peke yake hakutoshi. Wapo wasemao tuweke urea yaishe. Ni kweli kwamba maharage yenye naitrojeni ya mbolea huumia kidogo kuliko yanayotegemea vinundu, ila urea haiondoi sodiamu, na ikimwagwa juu ya udongo wa magadi sehemu kubwa hutoroka hewani kama amonia.

Tiba inaeleweka vizuri jikoni. Magadi yakitiwa kwenye chungu cha makande, sodiamu huisukuma kalsiamu iliyoshikamanisha ganda la harage, nalo hulainika. Shambani sodiamu hiyohiyo huisukuma kalsiamu iliyoshika chembe za udongo wa mfinyanzi, nao husambaratika. Jasi, inayochimbwa Makanya wilayani Same, hurudisha kalsiamu mahali pake. Samadi huufungua udongo. Mwaka 2007 Joachim Makoi na Patrick Ndakidemi, ambaye baadaye alifundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela iliyopo Tengeru, walichapisha utafiti wa kurekebisha udongo wa magadi wa kaskazini mwa Tanzania kwa malighafi za papohapo.

Pingamizi la gharama ni zito, kwa kuwa jasi ni mzigo na usafiri ni pesa. Lakini hasara kubwa zaidi ni kuimwaga pasipo njia ya maji kutoka, maana sodiamu iliyong'olewa isiposombwa na maji itarudi palepale. Mtaro hutangulia, jasi hufuata kabla ya masika ya Machi hadi Mei, mvua ndiyo isuuze, na maji ya mfereji yapimwe yasije yakarudisha magadi yaleyale. Aliye na fedha ya kitu kimoja tu achimbe mtaro na kupanda kunde. Maharage yatasubiri udongo upone.