Bunduki ya Babu: Ni ya Msituni Kweli?

Ukionyeshwa bunduki ya kijeshi popote kati ya Nkubu na Igoji, huku Meru, ukaambiwa ilishuka na babu kutoka Mlima Kenya wakati wa vita vya Mau Mau dhidi ya wakoloni, anza na nambari zilizogongwa kwenye sehemu zake. Zikiwa zinalingana zote, na kitako hakina hata kovu, basi hadithi hiyo ina walakini.

Wakusanyaji wa silaha huko Ulaya na Marekani wangeshangaa kusikia hivyo. Kwao, thamani ya Lee-Enfield ya .303, ile ambayo huku tunaiita Mark 4, hutegemea kulingana kwa sehemu zake. Nambari iliyogongwa mwilini sharti iwe ndiyo iliyoko kwenye bolti, na mbao ziwe zile zilizotoka nazo kiwandani. Wana sababu ya kuwa wakali. Kati ya 1944 na 1947 Waingereza walitengeneza toleo fupi na jepesi kwa vita vya msituni, No. 5, ambalo wanajeshi wao walilibeba hapa Kenya pia. Baadaye wafanyabiashara wa Marekani wakanunua Mark 4 ndefu zilizobaki vitani, wakazikata na kuziuza kama fupi. Anayejua hutazama chuma chenyewe: No. 5 halisi ilichongwa kiwandani sehemu kadhaa ili ipungue uzito, na bunduki iliyokatwa tu mara nyingi haina michongo hiyo.

Lakini kipimo hicho cha sehemu zote kulingana hakifai msitu wa Mlima Kenya. Wapiganaji hawakuwa na ghala la vipuri. Silaha waliziteka katika mashambulizi kama lile la kituo cha polisi cha Naivasha, tarehe 26 Machi 1953, wakazipora kwa homugadi, yaani wenyeji waliopewa silaha kuwalinda wakoloni dhidi ya Mau Mau, au wakanunua risasi kwa siri mjini. Kitako kikivunjika kilichongwa kingine kwa mti uliokuwa karibu. Bolti ikiharibika ilitafutwa ya bunduki nyingine iliyokufa. Bunduki iliyopigana kweli huko juu inatarajiwa kuwa na viraka.

Halafu kuna zile ambazo hazikuona kiwanda kabisa. Wapiganaji waliziita banda. Mtutu ulikuwa bomba la maji, kitako mti uliochongwa kwa panga na kisu, bolti komeo la mlango, na nguvu ya kupiga risasi ilitoka kwenye springi au mpira wa tyubu uliovutwa nyuma. Bomba lile halikutengenezwa kuhimili mlipuko wa .303, na lilipopasuka aliyeumia kwanza ni mshikaji. Wapo walioibeba kwa sababu mlengwa hakuweza kujua, kwa mbali na gizani, kama inafyatuka au la. Leo baadhi ya bunduki hizo zimo katika makumbusho ya London, zilikopelekwa kama nyara za vita.

Kwa nini basi familia hazina karatasi wala picha ya kuthibitisha? Kwa sababu ushahidi ulikuwa kitanzi. Chini ya sheria za hali ya hatari za serikali ya kikoloni, kupatikana na bunduki au risasi kuliweza kumpeleka mtu kunyongwa, na waliopelekwa kwenye kitanzi miaka ile, kwa makosa mbalimbali, walizidi 1,000. Waruhiu Itote, Jenerali China, kiongozi wa Mau Mau wa Mlima Kenya, alihukumiwa kifo mwaka 1954, na kati ya makosa yake lilikuwamo la kukutwa na risasi 2. Aliokolewa na mazungumzo aliyokubali kufanya na serikali. Dedan Kimathi, kiongozi mwingine wa Mau Mau, alinyongwa Februari 1957 baada ya kutiwa hatiani kwa kukutwa na bastola na risasi zake. Hata baada ya uhuru Mau Mau iliendelea kuhesabiwa kuwa chama haramu hadi 2003. Nani angeandika kumbukumbu?

Kwa upande wa Meru, majenerali wa Mau Mau Musa Mwariama na Baimungi walitoka msituni wakati wa uhuru, Desemba 1963, serikali mpya ilipotaka silaha zisalimishwe. Si zote zilizosalimishwa. Baimungi mwenyewe hakuridhika na uhuru aliouona, na mwanzoni mwa 1965 aliuawa na vikosi vya serikali aliyoipigania. Hapo ndipo uwezekano wa bunduki iliyofichwa kwenye dari Nkubu unapokuwa wa kweli.

Lakini uko uwezekano mwingine. Vita vya Shifta, kati ya serikali mpya na waasi wa kaskazini, vilianza mwaka huohuo wa 1963, jirani tu upande wa Isiolo, na Mark 4 ziliendelea kwa miongo mingi kubebwa na askari wa akiba wanaolinda mifugo. Mwaka uliogongwa kwenye chuma, tuseme 1943, unaeleza bunduki ilizaliwa lini. Hausemi ilifikaje huku Meru. Na kuna jambo zito zaidi, ambalo halitajwi kirahisi watu wakila pamoja: wazee wengi wa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru, walisimama na serikali ya kikoloni, na vijana wengi wa Meru walikuwa homugadi. Bunduki ya babu huenda ilikuwa ikiwalenga watu wa msituni.

Sheria haijali hadithi ipi ni ya kweli. Kuwa na bunduki bila cheti ni kosa, iwe ya shujaa au ya mwizi wa ng'ombe. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 nayo huhesabu kuwa vitu vya kale vile vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, kwa hiyo banda ya 1954 haipati kinga hiyo moja kwa moja. Ikisalimishwa kimyakimya inaweza kuishia motoni, kama silaha 5,250 zilizochomwa Ngong mwaka 2016.

Maoni yangu ni kwamba hakuna familia inayopaswa kubaki nayo nyumbani, na nadhani wengi wanaosita wanalijua hilo. Swali ni iende wapi. Mark 4 safi isiyo na wa kuieleza, acha ichomwe. Banda ya bomba ipiganiwe: familia iwaandikie Makumbusho ya Meru, yaliyomo katika jengo la zamani la mkuu wa wilaya, kabla ya kumwita polisi, na polisi aje kuichukua nyumbani badala ya mtu kuipakia kwenye matatu. Ile ya mashaka, yenye bolti ya kuazima na hadithi inayobadilika kila Krismasi, nayo ipelekwe huko, na mashaka yake yaandikwe kwenye kibao.

Kabla haijaondoka, shangazi aliyeiona ikifichwa arekodiwe kwenye simu, kwa Kimeru chake. Aulizwe ililetwa na nani, mwaka gani, ilifungwa ndani ya nini, nani alikatazwa kuigusa. Na akisema babu alipewa na ofisa Mzungu, pale homugadi walipokuwa wakipanga foleni, liandikwe hivyohivyo.