Soko, Gazeti na Jina Jema

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini historia yetu yatufunza kwamba hata chema chahitaji msemaji.

Zamani Wakikuyu wa Nyeri walikutana sokoni kila siku ya nne, na sifa ya muuzaji ikasambaa toka kilima hadi kilima. Mwaka 1945 Henry Muoria alianzisha gazeti la Mumenyereri, na wafanyi biashara Waafrika wakatangaza humo. Mwaka 1952, katika Hali ya Hatari, Serikali ya kikoloni ililipiga marufuku. Gazeti likanyamaza, jina jema halikunyamaza.

Basi twawaomba, ndugu wenye maduka Nyeri na vibanda Karatina: msiogope gharama ya tangazo, bali kwanza pimeni kwa haki. Tangazo humleta mnunuzi mara moja, uaminifu humrudisha.