Unapanda Uluguru mwanzoni mwa msimu? Panga kwanza saa ya kugeuka

Masika yakiisha, makundi ya WhatsApp ya safari za wikiendi huanza kuchangamka. Kwa mkazi wa Mbezi Luis, milima mirefu ya karibu ni Uluguru. Unapanda basi Stendi ya Magufuli, unapita Kibaha na Chalinze, unashuka Morogoro. Kilomita hazifiki 200.

Ila Juni ina mtego wake. Mvua za masika, ambazo kwa kawaida hunyesha Machi hadi Mei, zinakuwa zimeotesha kila kitu. Njia ambayo Septemba unaiona vizuri, Juni imefunikwa na nyasi na vichaka, na chini yake kuna tope na mizizi inayoteleza. Mwendo unapungua sana, na kinachowaponza wengi ni muda.

Piga hesabu ya muda

Mji wa Morogoro upo kama mita 500 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga kina mita 2,138. Yaani unapanda mita 1,600 na zaidi, halafu unazishuka zote siku hiyohiyo. Hata njia ikiwa kavu, ni safari ya siku nzima.

Ukitoka Mbezi Luis saa 12 alfajiri, unafika Morogoro kama saa 4 asubuhi. Ukishughulikia kibali, mwongozaji na maji, tayari ni saa 5. Giza huingia muda mfupi baada ya saa 12 jioni, na ndani ya msitu linawahi zaidi. Muda hautoshi.

Kama unaitaka Lupanga, lala Morogoro na uanze kupanda saa 12:30 asubuhi. Kabla ya hatua ya kwanza, kubalianeni saa ya kugeuka. Saa 6 mchana inafaa. Ikifika mnageuka, hata kama kilele mnakiona, kwa sababu kushuka kwenye tope kunaweza kuchukua muda uleule wa kupanda.

Una siku moja tu? Nenda Morningside, penye jengo la zamani la enzi za Wajerumani. Njia yake hupitiwa na wakulima wanaoshusha mazao mjini, hivyo haizibi kirahisi.

Kibali na mwongozaji

Sehemu ya juu ya milima ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Uliza mapema kuhusu kibali na viingilio. Chukua mwongozaji wa pale pale, anayeijua njia hata ikiwa imefunikwa na nyasi.

Usifyeke hovyo ili upite. Msitu huo ni chanzo cha maji ya Mto Ruvu, ambayo ndiyo yanayotoka kwenye mabomba ya sehemu kubwa ya Dar, Mbezi ikiwemo.

Vaa hivi

Suruali ndefu, shati la mikono mirefu na soksi zilizovutwa juu ya suruali. Kiatu kiwe na soli yenye meno, maana raba ya soli laini itakuangusha. Beba fimbo ya kupapasa nyasi kabla hujakanyaga, na koti la mvua, kwa sababu huko juu mvua inaweza kunyesha hata kiangazi.

Ukiguswa na upupu, usijikune wala kusugua. Vua nguo iliyoguswa, bandika selotepu kwenye ngozi na uibandue ili itoe vinyoya, kisha osha.

Mtu akiumwa na nyoka, msichanje, msinyonye sumu na msifunge kamba. Mtulizeni, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, awahishwe hospitali.

Simu yako

Pakua ramani ya eneo ukiwa bado mjini. GPS inafanya kazi hata bila bando. Washa programu ya kurekodi njia tangu mwanzo, ili mkipotea muifuate kurudi. Weka simu kwenye hali ya ndegeni kutunza chaji, maana mabondeni mtandao unakatika. Pawabenki na tochi usiviache.

Ukipotea

Njia ikikupotea, simama. Usiendelee mbele kwa matumaini kwamba itatokea tena. Rudi mpaka sehemu ya mwisho uliyokuwa na uhakika nayo.

Kuna ushauri wa siku nyingi kwamba ukipotea ufuate mto, utafika kwa watu. Uluguru usifanye hivyo. Mito yake ina maporomoko na kingo zinazoteleza, unaweza kujikuta juu ya genge huwezi kushuka wala kupanda. Kijito kikiwa kimejaa baada ya mvua, subirini kipungue au geukeni.

Giza likiwakuta, kaeni pamoja, vaeni nguo zote mlizonazo na msubiri kupambazuke au msaada ufike.

Kabla hujatoka nyumbani, mwachie mtu mmoja ujumbe wenye mambo matatu: njia utakayopanda, namba ya mwongozaji, na saa unayotarajia kuwa umeshuka. Mwambie kabisa kwamba saa hiyo ikipita na hupatikani, ampigie mwongozaji, kisha apige 112 polisi au 114 Zimamoto na Uokoaji.