Mashamba ya Shelisheli

Msomaji, ikiwa umepata kukaa pwani, bila shaka umekula shelisheli, lile tunda kubwa la kijani ambalo watu hulichoma au hulipika kwa tui la nazi. Jina lake ni jina la nchi ya visiwa iliyo katika Bahari ya Hindi, zaidi ya kilometa 1,700 mashariki ya Mombasa. Nchi hiyo ni ndogo mno. Ina visiwa zaidi ya mia moja, lakini ukivijumlisha vyote, eneo lake halifiki kilometa za mraba 500. Kisiwa kilicho kikubwa kuliko vyote, Mahé, ni mlima wa itale uliosimama baharini, na kilele chake kina kimo cha meta 905. Mahali pazuri pa kulima ni ukanda mwembamba wa tambarare kando ya bahari. Ukiupita huo, unaanza kupanda mteremko. Likumbuke umbo hilo la nchi unaposoma habari hizi, kwa maana litakusaidia kuzifahamu.

Hadi mwaka 1770 hapakuwa na mtu aliyefanya makao huko. Mwaka huo kundi la watu 28 lilitoka Morisi, iliyokuwa wakati ule mikononi mwa Wafaransa, likatua katika kisiwa kidogo cha Sainte Anne, mbele ya Mahé. Baadhi yao walikuwa watumwa. Walikuja kulima, lakini mali iliyopatikana kwanza haikuhitaji jembe: miti mikubwa ya mbao na kobe wa ajabu kwa ukubwa. Miti ilikatwa ikauzwa, na kobe walipakiwa melini kwa maelfu ili wawe nyama ya mabaharia. Kwa muda wa miaka ishirini tu, kazi ya karne nyingi ilikuwa imetumika.

Wakati huo huo palikuwa na shauri lingine kubwa zaidi. Katika siku zile Waholanzi ndio walioshika biashara ya karafuu, kungumanga na mdalasini, nao walizilinda mbegu zao kama sultani alindavyo hazina. Pierre Poivre, aliyekuwa mtawala wa mambo ya fedha na kilimo huko Morisi, alikusudia kuuvunja ukiritimba huo. Miche ikapatikana kwa hila, na mwaka 1772 bustani ya viungo ikaanzishwa Mahé, mahali paitwapo Anse Royale. Ilikuwa siri ya serikali. Basi mwaka 1780, Ufaransa ikiwa vitani na Uingereza, meli ilionekana ikikaribia bandari. Mkuu wa kisiwa akadhani ni adui, akaamuru bustani itiwe moto isije ikatekwa. Ilipokwisha kuteketea, meli ikatia nanga. Kumbe ilikuwa meli ya Wafaransa wenyewe!

Huo ukawa mwisho wa shauri la Poivre, lakini haukuwa mwisho wa mdalasini. Ndege hawakuwa na habari za vita. Walikula matunda yake meusi, wakaruka nayo mlimani, wakaziangusha mbegu kila mahali misitu ilipokuwa imekatwa. Mti huo ukaota pasipo mkulima wala palizi, na kwa zaidi ya miaka mia moja hakuna aliyeujali sana.

Waliobaki walilima mahindi, mihogo na mpunga, ili kujilisha na kuziuzia meli zilizopita. Kisha pamba ikaingia, na mwanzoni mwa karne ya 19, Waingereza walipoitwaa nchi, pamba ndiyo iliyokuwa zao la fedha. Katika miaka ya 1820 bei yake ilianguka kwa sababu ya pamba nyingi ya Marekani. Mwaka 1835 watumwa zaidi ya 6,000 wakaachwa huru, na wengi wao hawakutaka tena kulima shamba la bwana. Wenye mashamba wakageukia minazi, kwa kuwa mnazi hauhitaji mikono mingi. Huku nyuma mlima ulikuwa umevuliwa nguo. Tarehe 12 Oktoba 1862, baada ya mvua isiyo na kifani, udongo uliporomoka juu ya mji wa Victoria, ukafunika nyumba na watu.

Hapa historia ya Shelisheli inagusana na historia yetu. Tangu mwaka 1861 manowari za Waingereza zilizokuwa zikiwinda majahazi ya watumwa zilishusha huko watu zaidi ya 2,000, wengi wao wakiwa wametekwa katika bara yetu ya Afrika ya Mashariki. Waliambiwa kwamba wako huru; kisha wakafungwa kwa mikataba ya kazi katika mashamba ya minazi. Ni uhuru wa namna gani huo, utaamua wewe mwenyewe.

Baada ya hapo ikaja vanila. Ua la vanila nje ya nchi yake ya asili halizai mpaka lichavushwe kwa mkono, na njia iliyo rahisi ya kufanya hivyo ilivumbuliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius. Katika miaka ya 1890 vanila iliwatajirisha wenye mashamba wa Mahé. Lakini tangu 1874 wataalamu wa Ujerumani walikuwa wamejua kutengeneza ladha ile kiwandani, na baada ya 1900 bei ilianguka vibaya. Hapo ndipo watu walipoinua macho mlimani wakauona mdalasini. Wakabambua maganda, wakakeneka mafuta ya majani. Na mitambo ya kukeneka ikataka kuni, hata misitu iliyosalia ikapata hasara. Mdalasini na mbata viliilisha nchi kwa zaidi ya nusu karne.

Mwaka 1971 uwanja wa ndege ulifunguliwa, na mwaka 1976 nchi ikapata uhuru. Watalii wakaja, na vijana wakaacha kupasua nazi wakaenda hotelini, ambako mshahara ulikuwa bora, nani angewalaumu? Ile tambarare ya pwani, ambayo ni chache tangu mwanzo, ikawa mahali pa hoteli, barabara na nyumba. Leo sehemu kubwa ya chakula hutoka ng'ambo, na mchele wa kila siku huja kwa meli. Mwaka 2008 serikali ilishindwa kulipa madeni yake, fedha za kigeni zikiwa zimekauka. Na mwaka 2020 watalii walikoma kuja kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Mara zote mbili watu walitazama viwanja vyao wakiuliza ni wapi wanaweza kupanda mihogo.

Na mdalasini? Ungali mlimani, nao ndio mti ulioenea kuliko yote katika misitu ya Mahé. Siku hizi watunza misitu huuona kuwa mvamizi. Hata hivyo hawaufyeki wote kwa pamoja, kwa kuwa kivuli chake kikiondoka, magugu mabaya zaidi huingia, na mvua huuchukua udongo. Huutoa mmoja hapa, mmoja pale, na katika nafasi hiyo hupanda mche wa mti wa asili.