Tikitimaji na Waamuzi Wake

Mbegu za tikiti zilizofukuliwa mahali paitwapo Uan Muhuggiag, katika majabali ya kusini-magharibi ya Libya, zina umri wa takriban miaka 6000, na wataalamu waliochunguza nasaba yake wamesema kwamba tunda lililozizaa lilikuwa chungu, lenye nyama nyeupe isiyofaa kuliwa, na kwamba watu walilitaka kwa ajili ya mbegu zake zenye mafuta. Basi yeyote atakaye kuandika tarehe ya tunda hili hana budi kuanza na mtu aliyesimama mbele yake akijiuliza, si kama limeiva, bali kama halitamdhuru. Swali la kuiva, ambalo leo ndilo pekee linalotutia wasiwasi sokoni, lilikuja nyuma sana, baada ya wakulima wa vizazi vingi kulimaliza lile la kwanza.

Ushahidi ulio bayana wa swali hilo la kwanza umo katika kitabu cha safari alichokichapisha David Livingstone mwaka 1857. Aliona jangwa la Kalahari, katika miaka ya mvua nyingi kupita kawaida, limefunikwa na matikiti ya mwitu kiasi ambacho tembo na vifaru waliyashangilia, na hata simba, fisi na mbweha, ambao mboga si chakula chao, waliyala kwa hamu kama walivyoyala paa na panya. Walakini si yote yaliyokuwa matamu. Matamu na machungu yalilala pamoja juu ya mchanga mmoja, yakiwa na umbo moja na rangi moja, na jicho halikuweza kuyapambanua. Watu wa nchi ile walipiga kila tunda kwa kishoka, wakaweka ulimi penye jeraha, na lililokuwa chungu wakaliacha kwa kuwa lina madhara. Nakiri kwamba napendezwa na mahakama hii kuliko zote zilizofuata, maana hapakuwa na muuzaji wa kuapa wala mnunuzi wa kulaumu, na gharama yake ilikuwa matunda machache yaliyobaki wazi kwa nzi.

Huko kusini, hata hivyo, siko linakotoka tikiti la mezani. Uchunguzi wa nasaba uliotangazwa mwaka 2021 ulionesha kuwa jamaa wa karibu kabisa wa tikiti letu ni lile la Kordofan, katika nchi ya Sudan, tunda la mviringo lenye nyama nyeupe isiyo na uchungu. Na kutoka huko hadi bonde la Nili si mbali. Ndani ya kaburi moja la Saqqara, lenye umri upitao miaka 4000, imechorwa sahani yenye tunda refu la milia, nalo limeandaliwa zima pamoja na matunda mengine, jambo linalodokeza kuwa lililiwa bichi bila kupikwa, na mtu hali tikiti chungu bila kupikwa. Mbegu zake zilikutwa pia katika kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922. Na Torati, katika kitabu cha Hesabu, inawataja Wana wa Israeli wakinung'unika jangwani na kuyatamani matikiti waliyoyaacha Misri. Sidhani kama mtu mwenye kiu hulilia tunda lisilo na ladha.

Kwa Waarabu tunda hili lilipata hadhi kubwa, kwa kuwa imepokewa katika hadithi kwamba Mtume alilila tikiti pamoja na tende mbivu, ubaridi wa moja ukivunja joto la pili. Na wanachuoni wamekhitilafiana tangu zamani kama lilikuwa lile la kijani au lile la manjano, khitilafu ambayo yenyewe yatuonesha kuwa aina zilikwisha kuwa nyingi. Ibn Battuta, yuleyule aliyetia nanga Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika baadaye Khwarazm, akasifu tikiti la huko, la kijani nje na jekundu ndani, lililokatwa vipande, likaanikwa juani, likapakiwa vikapuni na kupelekwa mpaka India na China. Wako wadhanio kuwa alilolisifu ni jamaa yake tikiti tamu lenye harufu. Vyovyote iwavyo, mtazame jinsi anavyolipima: halinganishi umbo wala milia, bali miji, akisema kuwa halina mfano ila lile la Bukhara, na baada yake la Isfahan. Zama hizo aina ya tikiti ilijulikana kwa shamba lilikotoka, na aliyejua mji alijua utamu.

Mambo yaligeuka pale tikiti liliposafiri mbali na mkulima wake. Huko Marekani, ambako mbegu zilivuka bahari pamoja na watumwa wa Kiafrika na walowezi wa Kizungu, karne ya 19 na ya 20 zilizaa majina mengi ya aina, nayo yalifungamana na sura ya ganda, kwa sababu mnunuzi wa mjini hakuwa na kingine cha kumwongoza. Charleston Gray, iliyotolewa na C. F. Andrus mwaka 1954, ni ndefu, ya kijani iliyofifia kama kijivu. Crimson Sweet, kazi ya Charles Hall wa Kansas katika miaka ya 1960, ni ya mviringo, ina milia mipana. Sugar Baby ni ndogo, duara, ya kijani kinachokaribia weusi. Majina haya matatu ayajua kila muuza mbegu wa Afrika Mashariki, lakini ni wachache wajuao kuwa ndani ya Charleston Gray imo damu ya kwao: ugonjwa wa chule ulipokuwa ukiyaangamiza mashamba ya Marekani, kinga ilipatikana katika mbegu iliyoletwa kutoka kusini mwa Afrika, nayo ikaandikwa katika madaftari Africa 8, bila jina jingine. Tunda liliondoka kwetu, likarudi kuomba dawa, kisha likaja tena kwetu ndani ya kopo lenye picha, likiuzwa kwa bei ya kigeni.

Sasa niseme juu ya alama za kuiva, ambazo kila mtu adai kuzijua. Alama iliyo amini kupita zote ni ukono, yaani ule uzi wa mmea uliojisokota karibu na kikonyo cha tunda. Ukiwa mbichi tunda ni bichi, na ukinyauka mpaka ukawa mkavu wa kahawia, mkulima huchukua kisu. Wakati huo hufika baada ya siku 35 hadi 45 tangu ua kuchanua, kwa kadiri ya aina na joto. Lakini alama hii hubaki shambani, na aliye sokoni hupewa tunda lisilo na shahidi wake. Kilichobaki ni tumbo, ule ubavu uliolala juu ya udongo: ukiwa mweupe au wa kijani kibichi, liache, ukiwa wa manjano kama siagi, lina matumaini. Kwa Sugar Baby, ambayo weusi wake huficha yote, tumbo ndilo ushahidi pekee wa rangi. Mng'aro wa ganda nao hufifia kwa kuiva, na tunda zuri huwa zito kuliko ukubwa wake unavyoonesha.

Ama kupiga kwa kidole na kutega sikio, desturi iliyoenea toka Mombasa hadi Marekani, ina ukweli ndani yake, kwani tunda bichi hulia kwa sauti ya juu na bivu kwa sauti nzito, ila nzito mno ni dalili ya kuoza, na mpaka wa baina ya hizo mbili haukufundishwa kwa maneno hata mara moja. Wajapani wamelitia swali hilo katika mashine, inayoligonga tunda na kuupima mlio wake; wanunuzi wetu wengi hupiga, wakatikisa kichwa, kisha wakachukua lile walilokwisha kulipenda kwa macho. Huko Misri na Sham muuzaji huuza kwa sharti la kisu: hulipasua mbele yako, na likiwa jeupe hulipi. Sharti hilo lina haki zaidi, kwa kuwa tikiti likisha kukatwa mmeani haliongezi sukari hata likae juma zima, na asubiriye liive nyumbani asubiri bure.

Kisu kilipofungua tunda, hukumu ya mwisho ilikuwa ya mbegu: nyeusi au za kahawia iliyokolea, limeiva; nyeupe na laini, limechumwa mapema. Hakimu huyo naye ameuzuliwa. Mwaka 1939 Mjapani Hitoshi Kihara na wenzake walianza kuutia mmea dawa ya kolkisini, iliyoufanya uwe na kromosomu 44 badala ya 22. Mmea huo ukichanganywa na wa kawaida huzaa mbegu ya kromosomu 33, na tunda la mbegu hiyo haliwezi kukamilisha mbegu zake. Habari za kazi yao zilitoka mwaka 1951, na leo tikiti lisilo na mbegu limejaa katika masoko ya nchi tajiri. Ndani yake mna vijiganda vyeupe, vitupu, ambavyo hubaki vyeupe hata tunda likiwa limekomaa na kujaa asali. Na mzee aliyezoea hukumu ya mbegu, akivikuta, hulirudisha kwa muuzaji akisema kuwa ameuziwa tikiti bichi.