Kanuni za Bendera ya Marekani

Kanuni za Bendera ni sheria ya Marekani inayoeleza namna raia wanavyopaswa kuitunza na kuiheshimu bendera ya taifa lao. Ziliandikwa na vyama vya kiraia mjini Washington tarehe 14 Juni 1923, na Bunge likazipitisha kuwa sheria mwaka 1942. Bendera yenyewe ina mistari 13 ya makoloni ya mwanzo na nyota 50 za majimbo. Nyota ya mwisho, ya Hawaii, iliongezwa tarehe 4 Julai 1960.

Bendera hupandishwa haraka na kushushwa taratibu. Ikiachwa nje usiku, imulikwe taa. Hata kupeperushwa nusu mlingoti kuna utaratibu wake: kwanza hufikishwa kileleni, kisha ndipo hushushwa. Siku ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, mwishoni mwa Mei, hukaa nusu hadi saa sita mchana tu, halafu hupandishwa juu kabisa. Rais akifariki, nusu mlingoti hudumu siku 30.

Wanafunzi wa mafunzo ya kijeshi shuleni, mpango ulioanzishwa mwaka 1916, hujifunza haya yote, pamoja na kuikunja bendera pembetatu.

Ajabu ni kwamba raia anayekiuka kanuni hizi haadhibiwi. Kanuni zinakataza bendera kufanywa vazi, lakini kila Julai nguo zenye nyota na mistari hujaa mitaani. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba hata kuichoma kwa kuonyesha upinzani ni uhuru wa maoni unaolindwa na katiba.